Chupa ya Dereva Dirishani Kwangu

Dereva hakujua kusema uongo, hata ule mdogo wa adabu ambao sisi wengine tunausema kila siku ili maisha yaende. Ukimpa chai iliyopikwa kwa majani ya jana, ataimaliza, ataweka kikombe chini taratibu, atakushukuru vizuri, na ukimuuliza ilikuwaje atakwambia ilikuwa mbaya. Mimi nilimuuliza mara moja tu. Tangu siku hiyo nilijitahidi kupika chai ya maana, au nilijitahidi kutouliza, na mara nyingi nilifanikiwa katika hilo la pili.

Nasema Dereva kwa sababu ndivyo mlima wote ulivyomwita. Jina lake nililijua, lakini halikuwahi kutoka kinywani mwangu wakati ule na sioni sababu ya kulitoa sasa. Wakati wa Mwingereza madereva waliopanda kwetu kuchukua kahawa walikuwa wengi, kila mmoja na jina lake la utani, ila ukisema Dereva peke yake watu walijua ni yule wa Tanga, mrefu, mwembamba, mwenye koti zito hata jua likiwaka. Habari za utoto wake sina. Alikuwa akisema "watu wangu wako Tanga" kama mtu anayesema sanduku lake liko stesheni, atalifuata siku moja, na sikuwahi kusikia kwamba amelifuata.

Mimi nilikuwa mjane, tena sina mtoto. Mume wangu aliniachia kihamba cha migomba na mibuni kando ya barabara, chini kidogo ya ghala la kahawa. Nikisema aliniachia nasema vibaya, maana kwa desturi yetu kihamba ni cha ukoo, na mjane asiye na mtoto anakaa ndani yake kwa heshima yake tu. Ikisemwa kwamba ana mwanamume anayeingia na kutoka, ukoo unakaa kikao, na kikao kikiisha anafungasha vyombo. Shemeji yangu, kaka mkubwa wa marehemu, alikuwa mzee wa kanisa na pia msimamizi wa ghala. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na wana wanne wa kiume waliotaka kuoa, na ardhi yote nzuri huko chini ilikuwa mashamba ya wazungu, kwa hiyo kila akipita kwangu alikuwa akiitazama migomba kabla ya kunisalimu.

Ndiyo maana Dereva alipokuja mara ya kwanza na kubisha hodi akiwa amesimama barabarani kabisa, hakuingia hata uani, nilimwona ni mtu wa akili.

"Karibu," nilimwambia.

"Sikaribii, bibie. Naomba dirisha."

"Dirisha langu limekukosea nini?"

"Halijanikosea. Nataka linishikie chupa mpaka nitakapoteremka. Chupa hii haitaki kutikiswa."

Ilikuwa chupa ya kioo cheupe, imejaa dizeli, imezibwa kwa gunzi. Aliniambia ameichota mjini, kwenye pipa lenyewe, kabla dizeli haijaingia kwenye tangi la lori. Maji ni mazito kuliko dizeli. Ukiiacha chupa itulie, maji kama yapo yatashuka chini na dizeli itabaki juu, na katikati utaona mstari. Ndani ya lori haiwezi kutulia kwa sababu barabara yetu ilikuwa ya mawe na mashimo. Nyumbani kwake Daraja Mbili, huko mjini, haiwezi kusaidia kwa sababu yeye ataondoka na kuiacha. Alihitaji mahali palipotulia karibu na ghala, ili wapakizi wakimaliza kupakia magunia aje aisome chupa kabla ya kushuka mlima na mzigo.

"Na ukiona mstari?"

"Nafungua tangi chini, namwaga mpaka maji yaishe. Wenye kahawa wanatukana, nami namwaga."

Akaniita Mama Dirisha kuanzia siku hiyo. Jina lilinifurahisha kuliko nilivyoonyesha. Watu wenye watoto huitwa kwa watoto wao, na mimi nilikuwa naitwa kwa marehemu.

Kuhusu maji alikuwa na wazimu wake, sitaki kuficha. Ndani ya lori alitundika kofia ya pama nzuri kabisa, ya rangi ya udongo, na hakuna aliyewahi kuiona kichwani mwake. Nilidhani anaitunza kwa ajili ya Idi. Siku moja nikamwona ameipindua juu ya mdomo wa tangi, anamiminia dizeli ndani yake polepole kutoka kwenye debe, anaichuja. Dizeli ilipita na matone ya maji yakabaki ndani ya kofia yakitembeatembea. Mchungaji alikuwa anapita na yeye akasimama kutazama.

"Bwana Dereva, unaharibu kofia ya sikukuu."

"Hii si ya kichwa, Bwana Mchungaji. Hii ni ya lori. Mimi kichwa changu hakina maji."

Mchungaji alicheka na kuomba lifti ya kwenda mjini. Dereva akamwambia nafasi ipo, ila mizigo ya mama mchungaji iliyopita ilikuwa na samaki wakavu na lori lilinuka wiki nzima, kwa hiyo samaki wasije tena. Hayo aliyasema mbele ya watu, bila ubaya wowote, kama mtu anayetaja saa. Watu walimpenda na kumkwepa kwa sababu hiyo hiyo. Ukitaka kujua kama nguo yako imekupendeza, huulizi kwa Dereva.

Siku nyingine alitaka kuhakikisha dizeli iliyomtia shaka lakini hakuwa na muda wa kungoja itulie. Akaomba moto. Nilikuwa nimeinjika, nikamwonyesha kifuniko cha bati kilichokuwa juu ya mafiga. Akadondosha tone moja, likakaa kimya na kutoa moshi. Akachota chini zaidi, akadondosha jingine, likaruka na kulia chwaa, akarudi nyuma akitabasamu kama aliyekutana na mtu aliyemtafuta. Loshoro yangu ya siku hiyo, mahindi kwa maziwa ya mgando, ilinuka dizeli na niliila hivyo hivyo, kwa sababu mahindi yangu hayakuwa ya kumwaga. Yeye alikataa kuila. Alisema inanuka.

Lakini mtu yule yule aliyechuja dizeli kwa kofia alikuwa anainama kwenye kijito chochote anachokikuta na kunywa kwa kiganja, ng'ombe wakiwa juu yake wamesimama ndani ya maji. Tumbo lilimsumbua kila mwaka. Nilimwambia achemshe maji, au achukue yangu niliyochemsha. Alinijibu kwamba injini haiwezi kujitapisha na binadamu anaweza. Hapo nilimwambia kwamba hana akili, naye akakubali, na hakubadilika.

Baridi yetu ilimtesa. Mwezi wa sita na wa saba, ukungu ukishuka kutoka Meru na kukaa kwenye migomba mpaka saa tano, alikuwa anakuja amevaa koti juu ya koti, na chini miguu mitupu. Aliendesha peku. Viatu alivivua akishaingia kwenye lori na kuviweka kando yake kwenye kiti, kama abiria, kwa sababu alisema breki huongea na wayo na haziongei na soli. Nilimfumia soksi za sufu. Akazichukua, akazitazama sana, akaniambia moja ni ndefu kuliko nyingine. Alizivaa akiwa barazani kwangu tu.

Ndiyo, baadaye alikaribia. Kwanza akasimama barabarani, kisha uani, kisha akakaa barazani kwenye kigoda, mlango wangu ukiwa wazi na mimi nikiwa ndani au nikichambua kahawa kwenye mkeka upande wa pili, ili anayepita aone pote. Hakuwahi kuvuka kizingiti. Muda wa swala ukimkuta, alikwenda nyuma ya mgomba wa mwisho, akatandika gunia safi, akaswali, nami nilikuwa natuliza kuku. Tulizungumza kuhusu vitu visivyo na maana. Kiswahili changu kilimchekesha, maana tulikichukua shuleni na kanisani na kukichanganya na Kimeru chetu. Kiswahili chake kilinichekesha mimi kwa sababu alikuwa na neno la kila kitu, hata kwa kipande cha kamba kilichobaki baada ya kufunga mzigo.

Niseme tu, kwa kuwa waliokuwa wakinichunguza wamekwisha kufa. Nilikuwa nikilisikia lori lake linabadilisha gea kwenye kona ya vyoo vya shule, naingia ndani nabadilisha kanga. Akiteremka na kuishia kwenye ukungu, nyumba ilikuwa kimya kwa namna ambayo haikuwa kimya kabla hajaja. Hakuniomba chochote na mimi sikumwomba. Ningekwenda wapi naye? Alikuwa Mwislamu wa chumba kimoja Daraja Mbili, na mimi Mlutheri wa kihamba kisicho changu. Kila mmoja alijua hesabu ya mwenzake, basi tukaongea habari za mapipa.

Habari za mapipa ndizo pekee zilizompandisha hasira. Tajiri wake, mwenye malori, aliweka mapipa ya dizeli nje kwenye yadi, yamesimama wima kwa sababu yakisimama yanachukua nafasi ndogo. Yalikuwa yamefungwa kwa spana, na kila mtu pale yadi aliamini pipa likishafungwa maji hayana njia. Dereva alisema pipa linakunywa. Mchana jua linalipasha na hewa ndani inavimba, mvua ikinyesha inajaza sahani ya juu pale penye kizibo, kisha usiku pipa linapoa na kufyonza, na linafyonza kilichopo juu yake. Dawa yake ni kulilaza. Yeye mwenyewe aliyalaza mara kadhaa kwa mikono yake, na kila akirudi aliyakuta yamesimamishwa tena.

"Mwambie tajiri," nilimwambia.

"Nimemwambia. Ananiuliza, maji yanaingiaje kwenye kitu kilichofungwa."

"Na wewe ukamjibu nini?"

"Nimemwambia yanaingia kama huzuni." Halafu akaona nimemtazama, akainamia chai yake. "Chai leo ina nafuu," alisema.

Mara moja tu alinieleza kwa nini. Tulikuwa tunaitazama chupa, haikuwa na mstari, na angeweza kuondoka lakini hakuondoka. Alisema zamani, kwenye milima ya Upare, lori lake lilizimika likiwa linapanda, maji yalikuwa kwenye dizeli, na breki hazikulishika. Lilirudi nyuma. Juu ya magunia palikuwa na mama mmoja ambaye yeye Dereva alimpa lifti. Njia nzima alikuwa akimpigia kelele kutoka juu, akimweleza habari za harusi ya mwanawe.

"Mpaka leo harusi ile naijua yote," alisema. "Najua na sahani walizoazima."

Nilimwongezea chai, akainywa.

Mwaka ule vuli ilianza mapema na kwa nguvu. Kahawa ilikuwa bado ghalani, na wenye kahawa walikuwa wanataka ifike mjini kabla barabara haijakatika. Asubuhi Dereva alipita, akanipa chupa, akasema mapipa yamesimama tena na yamenyeshewa usiku kucha. Alisema, "Leo naiogopa hii." Kisha akapanda ghalani kupakia.

Kabla ya saa sita shemeji yangu akaja. Hakuwa na desturi ya kuja saa za kazi. Alikaa kwenye kigoda kile kile, akaniuliza habari za migomba, akaniuliza nani huwa anakalia kigoda hiki maana kimeng'aa. Nilimwambia ni wageni. Akasema amesikia mgeni ni mmoja. Akasema hana neno, ila ndugu zake wana neno, na wangependa kikao baada ya mavuno. Halafu akaomba chakula, na mzee wa kanisa akiomba chakula kwako humwambii una kazi. Nikaingia jikoni nyuma ya nyumba.

Nikiwa huko nilisikia lori linateremka. Nilisikia linapunguza mwendo mbele ya nyumba, kama kawaida yake. Dereva alimwona shemeji amekaa barazani, nyuma ya kichwa chake dirisha, na dirishani chupa. Alitoa salamu kwa sauti, shemeji akaitikia, na lori likaongeza mwendo na kupita. Hakusimama kwa sababu kusimama na kuja kuchukua chupa kwenye dirisha la mjane, mbele ya shemeji yake, kulikuwa ni kunifungashia vyombo mwenyewe.

Niliporudi na sinia niliitazama chupa. Mstari ulikuwapo, na maji chini yake yalikuwa kina cha vidole viwili.

Lori lilizimika kwenye mteremko wa kijito, lakini safari hii alikuwa amejiandaa. Alikuwa anakwenda kwa gea ndogo, na liliponyamaza aliliegemeza kwenye ukingo wa udongo, halikumuua mtu. Ila lilikaa pale, likaziba njia. Alifungua tangi akamwaga, akafungua mipira inayopitisha dizeli akatoa upepo, mikono ikatoka damu, na maji yakawa yanakuja tu. Turubai la tajiri lilikuwa na matundu. Mvua ilinyesha juu ya kahawa ya watu mchana kutwa.

Kesho yake habari ilitufikia kwamba tajiri amesema Dereva anauza dizeli njiani na kujazia maji. Madereva wengine walifanya hivyo kweli, basi ilikuwa rahisi kuamini. Siku ya pili yake ataulizwa pale yadi mbele ya wenye kahawa, na akishindwa kujieleza anaondolewa, na polisi wataitwa. Nilikaa na jambo hili usiku mzima. Asubuhi na mapema nikaifunga chupa ndani ya kanga, nikaiweka kwenye kikapu, nikashuka kwa miguu.

Nilijitahidi kwenda taratibu. Nilibeba kikapu kifuani badala ya kichwani, nikachagua pa kukanyaga, lakini njia ya kwetu haibembelezeki. Nilipofika yadi na kuitoa, mstari haukuwapo. Dizeli yote ilikuwa imevurugika, nyeupe nyeupe, kama chai iliyotiwa maziwa mengi.

Tajiri alikuwa amekaa kwenye kiti nje ya ofisi. Wenye kahawa walikuwa wamesimama, shemeji akiwa mbele yao kwa niaba ya ghala. Dereva alikuwa upande wa pili, amevaa viatu. Mapipa yalikuwa nyuma yao, yamesimama wima, na maji ya mvua yakimeremeta juu ya vifuniko. Niliweka chupa juu ya ngazi ya ofisi.

"Shikamoo wazee," nilisema. "Nimeleta ushahidi. Dizeli hii ilichotwa kwenye pipa la hapa asubuhi ile, kabla haijaingia kwenye lori. Ilikaa dirishani kwangu. Ngojeni itulie mtaona maji."

"Ilifikaje dirishani kwako, mama?" tajiri aliuliza.

Nilikuwa nimejiandaa kwa swali hilo njia nzima. "Dereva huyu huniachia kila safari. Huwa anakuja kwangu kuisoma."

Nilisikia shemeji anasafisha koo. Nilijua ninachokitoa, nilikuwa nimeshakifikiria kigoda changu na migomba yangu na nikasema basi, iende. Chupa ilikuwa imeanza kutulia. Chini kabisa palianza kuonekana weupe mwembamba.

Tajiri akamgeukia. "Ni kweli? Wewe huwa unakwenda nyumbani kwa mama huyu?"

Dereva hakunitazama. Alimtazama shemeji yangu, akaitazama chupa, na nadhani aliona kama mimi kwamba ikiachwa itulie kidogo tu itamwokoa. Hakungoja.

"Mama huyu simjui," alisema. "Namwona barabarani, tunasalimiana. Chupa hiyo si yangu."

"Dereva," nilisema.

"Labda ana huruma tu, tajiri. Wajane wana huruma. Amechota dizeli iliyomwagika pale nilipokwama." Kisha akanigeukia, akaniambia kwa heshima kabisa, kama mgeni, "Ahsante, mama. Nenda nyumbani, mvua inakuja."

Mtu ambaye hakuweza kuidanganya chai alisimama pale akasema uongo mrefu, uliopangika, na kila aliyekuwapo aliuamini kwa sababu ni yeye aliyeusema. Hata shemeji aliuamini. Ulikuwa uongo wake wa kwanza nilioujua na aliutumia wote kwangu.

Shemeji alinirudisha nyumbani. Njiani alinikaripia kwa kujitia katika mambo ya wanaume, halafu akanibebea kikapu. Kikao cha ukoo hakikuitishwa. Ungeitishaje kikao kwa sababu ya mwanamume aliyekana mbele ya watu kwamba hakujui? Kihamba kilibaki changu mpaka leo ninapoandika haya. Dereva aliondolewa kwenye lori siku ile ile. Polisi hawakuitwa, maana tajiri alimtaka aondoke tu.

Dereva mwingine akaletwa, kijana mwenye kofia kichwani. Mvua za masika zilipokuja lori likamzimikia naye, si mbali na pale pale. Safari hii mtu mmoja pale yadi alikumbuka, na mapipa yakalazwa na kujengewa paa la majani makavu ya migomba, na yakabaki hivyo. Niliwauliza wapakizi kama kuna aliyemtaja mtu wa Tanga. Walisema hapana, watu walisema tu kwamba mapipa hulazwa.

Chupa niliichukua siku ile kwenye ngazi, hakuna aliyenizuia. Niliirudisha dirishani. Lori la kijana lilikuwa linapita kwangu bila kupunguza mwendo, na nilichukua muda mrefu kuzoea kutobadilisha kanga. Nilimkosa. Sina namna nyingine ya kulisema na sitaki kuitafuta. Nilikuwa na hasira naye pia, kwa sababu nilikwenda kutoa kitu changu kwa hiari yangu na yeye akanirudishia mikononi mbele ya watu. Siku zingine hadi leo sijui nimshukuru au nimgombeze, na nikipika chai namgombeza.

Miaka ilipita. Shemeji yangu tulimzika. Huko mjini watu walianza kusema Mwingereza anaondoka, na hata kwetu mlimani vijana walianza kuimba nyimbo mpya. Mwaka huo mvua ilikuwa haba, mashine yetu ya kusaga ilikuwa mbovu, nikashuka na mahindi mpaka Moshono, ambako nilisikia kuna mashine ya dizeli isiyoharibika kamwe.

Palikuwa na foleni ya wanawake. Nje, chini ya paa la bati, pipa lilikuwa limelazwa juu ya magogo, na kando yake, kwenye msumari, kofia ya pama ya rangi ya udongo, imekauka na kukunjamana. Nilishika foleni yangu na kutazama ardhi mpaka nikafika mbele.

Alikuwa amezeeka kuliko nilivyotegemea. Unga ulikuwa umemkaa kwenye nyusi na kwenye koti, na mguu mmoja alikuwa anauburuta. Alipokea mfuko wangu, akaupima kwa mkono, kisha akainua macho. Akapunguza mashine, nayo ikaanza kugugumia.

"Mama Dirisha," alisema.

"Habari za siku nyingi, Dereva."

Mama aliyekuwa nyuma yangu, mwenye mtoto mgongoni, akauliza, "Babu, kumbe mnajuana?"

Aliifuta mikono yake kwenye koti, upande huu na upande huu. Sikutarajia kwamba mwili wangu ungeogopa namna ile, wakati hakukuwa na shemeji tena wala tajiri wala kikao.

"Namjua," alisema, kwa sauti kubwa ya mtu aliyezoea mashine, na foleni nzima ikasikia. "Nilikuwa nakaa barazani kwake kila nikipanda mlimani. Alinifumia soksi. Chai yake ilikuwa mbaya."

Wanawake walicheka. Mimi nilijifanya unga umeniingia machoni.

Alisaga mahindi yangu mwenyewe, polepole, mara mbili, wakati wengine aliwasagia mara moja. Aliponikabidhi unga aliniuliza kwa sauti ndogo, "Chupa yangu?"

"Ipo pale pale."

"Imetulia?"

"Imetulia zamani. Mstari unaonekana ukiwa barabarani."

Alikubali kwa kichwa, akaridhika. Nikamwambia kwamba shemeji tulimzika, kwamba nipo peke yangu, kwamba kigoda bado kipo barazani. Nikamwambia, "Njoo uichukue." Watu walikuwa nyuma yangu wanasukumana. Alitazama juu, upande wa mlima, ambao siku hiyo ulikuwa wazi hadi kileleni, kisha akautazama mguu wake.

"Siji, Mama Dirisha," alisema. "Siwezi tena kuupanda ule mlima."

Akamwita mama aliyefuata, akaongeza mashine. Nilijitwika unga wangu nikaanza safari ya kurudi. Mtu mwingine yeyote angeniambia atakuja, nami ningekuwa na wa kumchemshia chai.